Kila umri wa mwanzi na soko lake

Mwanzi haunenepi. Chipukizi likitoka ardhini na unene wa kifundo cha mkono, unene huo ndio litakaokufa nao. Hurefuka kwa kasi, na ndani ya miezi miwili hadi minne huwa limefika kimo chake chote. Baada ya hapo kazi yote hufanyika ndani ya ukuta wake, mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka wa kwanza umejaa maji na wanga. Kuanzia wa tatu umekomaa na kukaza. Ukipita wa sita au wa saba huanza kuchoka, na baadaye hukauka ukiwa umesimama.

Kwa sababu hiyo mwanzi wa mwaka mmoja na wa miaka minne huweza kusimama bega kwa bega, kimo kimoja, unene mmoja, na mtu akakata ule ulio karibu na panga lake. Mwaka unaofuata paa la banda linadondosha unga wa wadudu wanaobungua, na mwenye banda anasema mianzi haifai. Inafaa sana. Kilichokosekana ni umri.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya vijiji vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hasa Iringa na Njombe, ambako mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe ya jina hilo, imepandwa tangu zamani kandokando ya mashamba na mabondeni. Mengi humu yatamfaa pia mtu wa Mbeya, wa Ruvuma au wa milima ya Kenya, akibadilisha miezi ya mvua.

Anza na kopo la rangi

Kabla ya mche, kabla ya dawa, kikundi kinunue kopo la rangi ya mafuta na brashi nyembamba. Kila mwaka mvua zikiisha, kati ya Mei na Juni, pitia kila kichaka na uandike kwenye kila mwanzi mpya tarakimu ya mwisho ya mwaka. Mwanzi ulioota kwenye mvua zilizoishia 2026 unaandikwa 6, wa mwaka unaofuata 7. Andika usawa wa kiuno, upande wa nje wa kichaka, na kwanza ufute kwa kitambaa ule unga mweupe unaofunika mwanzi mpya, la sivyo rangi itabanduka pamoja nao. Usiandike chini karibu na ardhi: alama inatakiwa ibaki kwenye mwanzi hata ukishakatwa, ili mnunuzi naye aione.

Vichaka vya zamani visivyo na alama vinasomwa kwa ishara. Mwanzi wa mwaka wa kwanza bado una maganda yaliyoshika kwenye mafundo, rangi yake ni kijani mbichi, una unga mweupe na matawi machache. Wa mwaka wa pili umeangusha maganda mengi, lakini ngozi bado ni safi. Kuanzia wa tatu, rangi inapoa, na madoa ya ukungu mweupe wa kijivu yanaanza kushika ngozi. Ugonge kwa mgongo wa panga: mwanzi mchanga hutoa sauti nzito ya maji, uliokomaa hulia kavu na kali. Ukiona umejaa ukungu, umegeuka njano au kijivu, na matawi ya chini yamekauka, huo umepita wakati wake wa ujenzi. Ishara hizi hutofautiana kidogo mahali penye unyevu na mahali pakavu, kwa hiyo zitumie mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo tegemea tarakimu ulizopaka.

Aina na upandaji

Mwanzi wa ulanzi ni Oxytenanthera, jamii inayovumilia ukame na kuota kwa vichaka. Pingili zake, hasa za chini, ni nene mno na nyingine hazina uwazi kabisa. Mwanzi wa milimani, Yushania alpina, unapenda baridi ya juu ya mita 2,200 hivi, una uwazi ndani, na matunguu yake, yaani vile vishina vya chini vinavyofanana na tangawizi, hutambaa mbali na mwanzi mama. Mwanzi wa kawaida wa nyanda za joto, Bambusa vulgaris, huota kirahisi kuliko yote lakini una wanga mwingi, kwa hiyo wadudu huupenda. Kwa nguzo nene za ujenzi, wengi siku hizi hupanda Dendrocalamus asper. Kikundi kinachoanza kisidharau kilichopo kijijini: vichaka vya ulanzi vilivyoachwa bila kutunzwa huweza kuanza kuleta fedha mwaka uleule, wakati shamba jipya litasubiriwa miaka mitano au sita.

Mwanzi wa ulanzi na wa milimani hupandwa vizuri zaidi kwa tunguu. Vipande vya shina lake havina uhakika wa kuota. Chagua mwanzi wa mwaka mmoja hadi miwili ulio pembeni mwa kichaka. Ukate ubaki na mita moja hivi, wenye mafundo matatu au manne. Chimba taratibu kuuzunguka, kisha kata shingo nyembamba inayounganisha tunguu na mama yake kwa shoka kali, pigo moja au mawili. Shoka butu hupasua tunguu na kuua macho yake, na mche wa namna hiyo hukaa kijani miezi miwili mitatu kisha hunyauka. Funika kwa gunia lililoloweshwa na upande siku hiyohiyo.

Bambusa vulgaris hupandwa kwa kipande chenye mafundo mawili kilichokatwa kwenye mwanzi wa miaka miwili hadi mitatu. Toboa tundu katikati ya pingili, jaza maji, ziba, kisha kilaze kitaluni na ukifunike kwa udongo wa sentimita 5 hivi.

Shimo la shambani liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, na tunguu lilale sentimita 10 hadi 15 chini ya uso wa ardhi. Mwanzi wa ulanzi upewe nafasi ya mita 5 kwa 5, yaani mashimo 160 hivi kwa ekari. Dendrocalamus upewe mita 7 kwa 7, mashimo 80 hivi. Panda Desemba, au mwanzoni mwa Januari, mvua ikishalowesha ardhi. Anayepanda Machi anaukabidhi mche kwa kiangazi kabla haujashika mizizi, na hili ndilo linaloua miche mingi kuliko ugonjwa wowote. Wa pili ni mbuzi, maana chipukizi la mwanzi kwao ni tamu. Wa tatu ni moto wa kuchoma mashamba: lima ukanda wa mita 4 au 5 kuzunguka shamba kabla ya Julai.

Miaka mitatu ya kwanza usikate mwanzi wowote ulio hai. Vitatoka vijiti vyembamba kama kalamu, kisha kama kidole, na wapo wanaong'oa wakidhani wamepewa mbegu mbaya. Majani ya vijiti hivyo ndiyo yanayolisha tunguu, na tunguu lililoshiba ndilo linalotoa chipukizi nene mwaka unaofuata. Kila mwaka pandishia udongo na samadi kwenye shina la kichaka, kwa kuwa matunguu mapya huelekea kupanda juu na kubaki uchi.

Kandokando ya mito mianzi hushika kingo vizuri, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kabla ya kupanda kwa nia ya kuvuna hapo, kikundi kiende ofisi ya bonde la maji na serikali ya kijiji, kipate ruhusa kwa maandishi.

Chipukizi: ulanzi au nguzo?

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko wote, na ndipo vichaka vingi vya Iringa vinapoharibikia. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua kutoka kwenye chipukizi lingali laini. Mgema hukata ncha, huning'iniza mbeta, kikombe cha mwanzi, chini ya jeraha, na asubuhi na jioni hurudi kukata ubale mwembamba ili utomvu uendelee kutiririka. Mbichi wake ni mtogwa, mtamu. Ukilala huchachuka mpaka kuwa mkangafu. Fedha yake ni ya haraka na inakuja miezi ambayo nyumba nyingi hazina mahindi ya kuuza. Hakuna sababu ya kuiacha.

Lakini chipukizi lililogemwa halitakuwa mwanzi. Limekatwa kichwa, na kilichobaki ni kisiki. Kichaka kinachogemwa machipukizi yote miaka mitatu mfululizo kinabaki na wazee peke yao. Wazee hawana majani ya kutosha kulisha matunguu, machipukizi yanazidi kuwa membamba, ulanzi unapungua, na mwisho hakuna ulanzi wala nguzo.

Kanuni inayofaa ni hii: katika kila machipukizi matatu, gema moja, acha mawili. Hesabu kabla mgema hajaingia, na yale yanayoachwa yafungwe kamba ya rangi. Mgema atataka manene yote kwa sababu ndiyo yenye utomvu mwingi. Msikubali. Agawiwe yale yaliyobanana katikati ya kichaka, manene kwa membamba, na yale yaliyoelekea nje, yenye nafasi, yaachwe yakue. Kichaka kikitoa machipukizi 12, manne yanakwenda kwenye mbeta na manane yanaandikwa tarakimu Mei. Hayo manane ndiyo pia mpaka wa mavuno yenu: msikate mianzi mikubwa mingi kuliko machipukizi mliyoyaacha mwaka huo.

Mwaka wa pili: matenga

Kwa kusuka, mwanzi wa miaka mitatu ni mgumu mno, hukatika ukiupinda. Unaotakiwa ni wa mwaka wa pili, ulioangusha maganda lakini bado una unyevu. Chukua wachache, usizidi robo ya mianzi ya umri huo kwenye kichaka, kwa kuwa kila unaokatwa leo ni nguzo inayokosekana kesho kutwa.

Chana ungali mbichi, siku hiyo au kesho yake. Anzia ncha nyembamba ya juu ukielekea shina. Panga dogo likishaingia na ufa ukifungua pingili mbili, acha kukata, anza kuvuta kwa mikono. Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, kipande kimoja kinakuwa chembamba na kingine kinene. Hapo pinda zaidi kile kinene, na ufa utarudi katikati wenyewe. Anayeanza hufanya kinyume, huvuta kile chembamba kwa sababu kinapindika kirahisi, na kinamkatikia mkononi. Ukifika kwenye fundo, gonga mara moja tu, kisha endelea kuvuta. Baada ya hapo tenganisha ngozi ya nje na nyama ya ndani. Ngozi ndiyo yenye nguvu: hiyo ndiyo ya kusukia. Nyama iende kwenye uzio wa kuku au kwenye mkaa.

Soko la karibu ni nyanya, na watu wa Ilula, mkoani Iringa, wanalijua hilo vizuri. Tenga la nyanya lina mambo mawili yanayolitofautisha na tenga lolote. La kwanza, upande laini wa ngozi uangalie ndani, na kingo zote za vipande zikwanguliwe kwa kisu, kwani ncha moja tu hutoboa nyanya, nayo ikioza huozesha zilizo jirani kabla lori halijafika Dar es Salaam. La pili, yawe na ukubwa mmoja. Tengenezeni kalibu ya mbao ya duara la kitako na duara la mdomo, kila msukaji afuate hiyo. Mkulima aliyechoshwa na lumbesa, ule ujazo unaopita kipimo, anataka tenga analojua linabeba kiasi gani, na kikundi kinachotoa matenga ya kipimo kimoja hakitapata taabu ya kutafuta wateja.

Matenga, nyungo na vikapu vya chakula visitiwe dawa ya boroni inayoelezwa hapa chini. Vipande viloweke kwenye maji yanayotiririka wiki mbili hadi nne ili wanga uoshwe, au vianikwe juu ya moshi wa jiko. Havitakaa milele, lakini tenga halihitaji kukaa milele.

Miaka mitatu hadi mitano: nguzo

Vuna Juni hadi Agosti. Wakati huo machipukizi yameshamaliza kula akiba ya wanga, hakuna chipukizi changa la kukanyaga, na baridi inakausha mwanzi polepole bila kuupasua. Ukikata Februari unapata mwanzi uliojaa maji, na unapokanyagakanyaga kichakani unavunja nguzo za miaka mitatu ijayo.

Wenye umri huu mara nyingi wako katikati, wamezungukwa na wadogo. Fungua njia upande mmoja wa kichaka, ingia mpaka kati, kata ukirudi nyuma, na uiache njia hiyo wazi kama kwato ya farasi. Tumia msumeno. Kata juu tu ya fundo la kwanza lililo juu ya ardhi, ili kisiki kisibaki na kikombe. Kikombe kikijaa maji ya mvua huoza, na uozo hushuka mpaka kwenye tunguu. Mwanzi ubebwe, usiburutwe juu ya mawe: mikwaruzo hushusha daraja lake sokoni.

Sasa dawa. Mdudu anayebungua mwanzi ni wa ukoo mmoja na dumuzi wa mahindi, na anafuata kitu kilekile, wanga. Kupaka oili chafu juu ya ngozi hakumfikii. Ngozi ya mwanzi ina nta na haipitishi maji, na tofauti na mbao, mwanzi hauna mishipa ya kupeleka kimiminika kutoka nje kwenda ndani. Mishipa yake yote inakwenda kwa urefu, kutoka shina hadi ncha. Kwa hiyo dawa lazima iingilie miishoni, au kwenye matundu, au kwa ndani ya uwazi. Nayo mishipa hiyo huanza kuziba baada ya kukatwa, kwa hiyo mwanzi uingie kwenye dawa ndani ya siku mbili tatu.

Dawa yenyewe ni boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2 kwa kila lita 100 za maji. Yeyusha kwanza kwenye maji ya moto kidogo, kisha mimina kwenye yaliyobaki. Mkikosa hizo mbili, mbolea ya boroni inayoyeyuka kwenye maji, ile ambayo wakulima wa kahawa huipulizia, hufanya kazi hiyohiyo kwa kilo 5 kwa lita 100, mradi kwenye mfuko pameandikwa disodiamu oktaboreti.

Chombo cha kuanzia hakihitaji saruji. Chukua mapipa mawili ya chuma ya lita 200 yasiyowahi kubeba viuatilifu, yapasue kwa urefu, uunge vipande vinne mwisho kwa mwisho na kuondoa kuta za kati. Unapata hori la mita 3 na nusu. Linachukua nguzo 15 hadi 20 za mita 3 zenye unene wa sentimita 7, na dawa ya lita 300 hivi: boraksi kilo 9, asidi ya boriki kilo 6. Liweke kivulini, na juu yake paa, maana mvua ikiingia inapunguza nguvu ya dawa bila mtu kujua.

Mwanzi wenye uwazi utobolewe mafundo yote kwa nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Uinamishe unapouzamisha na usikilize: mapovu yakikoma mapema huku mwanzi bado mwepesi, kuna fundo halijatobolewa. Kandamiza kwa mawe, kwani mwanzi huelea. Siku 10 zinatosha kwa nguzo nzima, siku 4 au 5 kwa iliyochanwa katikati. Kabla ya kuingiza nguzo, zamisha kijiti na uweke alama ya kina; ukizitoa, pima tena. Tuseme lita 60 zimepungua: zimekwenda na kilo 3 za dawa ndani ya nguzo 18, karibu gramu 170 kila moja. Hiyo ndiyo gharama ya dawa ya kuweka kwenye bei. Ukijazia, jazia maji na dawa kwa uwiano uleule. Kuongeza maji matupu ndilo kosa linalofanya nguzo za mwezi wa kwanza zidumu na za mwezi wa nne zibunguliwe.

Mwanzi wa ulanzi usio na uwazi hauwezi kutobolewa hivyo. Ukate na majani yake yote, na asubuhi hiyohiyo usimamishe kwenye pipa lenye dawa ya kina cha sentimita 60, mahali penye kivuli na upepo. Majani yataendelea kuvuta maji kwa siku kadhaa na yatavuta dawa badala yake. Waache wiki moja hadi mbili, mpaka majani yakauke kabisa, huku ukijazia pipa.

Dawa hii si ya kuchezea. Vaa glovu, watoto na mifugo wakae mbali, na ndoo, pipa au mbeta iliyoshika dawa isirudi kamwe kwenye ulanzi wala maji ya kunywa. Masalio yasimwagwe shambani: boroni kidogo ni mbolea, ikizidi inaua mazao.

Kausha nguzo zikiwa zimesimama, kivulini, upepo ukipita kati yake, wiki 6 hadi 8, ukizigeuza chini juu mara moja kila wiki mbili. Jua la moja kwa moja hupasua, na nguzo yenye ufa unaovuka fundo ni ya uzio, si ya kenchi.

Asiye na fedha ya dawa bado ana njia. Akate wakati uleule, umri uleule, auache mwanzi umesimama kichakani juu ya jiwe na majani yake kwa wiki mbili tatu ili umalize wanga wake wenyewe, kisha auloweke mtoni mwezi mmoja na nusu. Utadumu kuliko wa kukata na kujenga siku hiyohiyo, ingawa hautafikia wa dawa.

Mnunuzi aambiwe ukweli kuhusu matumizi. Boroni huoshwa na mvua. Nguzo ikichimbiwa ardhini itaoza na mchwa wataipata, dawa au bila dawa. Ikae juu ya msingi wa mawe au zege, angalau sentimita 30 kutoka chini, na paa litokeze vya kutosha kuifunika. Isipigwe msumari bila kutobolewa kwanza. Kwa mihimili ya kuegemezea matawi ya parachichi, ambayo Njombe inahitajika kwa wingi, uza ile ya daraja la pili isiyotiwa dawa, kwa bei ya chini, na useme wazi kwamba ni ya msimu mmoja au miwili.

Mizee na makapi

Mianzi iliyopita miaka sita, vichwa vilivyokatwa na nyama ya kusukia iliyobaki huenda kwenye mkaa. Pasua kila pingili kwanza, maana iliyofungika hulipuka motoni. Mkaa wa mwanzi huvunjikavunjika, kwa hiyo ni bora usagwe na kugandishwa: kwa kilo 10 za unga wa mkaa, pika uji wa nusu kilo ya unga wa muhogo, changanya, shindilia kwenye kipande cha bomba, anika siku 4 hadi 6. Makapi yaliyopita kwenye dawa yasitumike kwa mkaa wa kupikia.

Daftari, kibali na lori

Daftari la kikundi liwe na safu tano tu: namba ya kichaka, machipukizi yaliyoachwa, yaliyogemwa, mianzi iliyokatwa na tarakimu zake, na nguzo zilizouzwa. Mwekahazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, anaweza kulishika. Akiba ya dawa itengwe kwenye kila mauzo, kabla ya mgao, vinginevyo hori litakauka mwaka wa pili.

Gawanya nguzo kwa unene wa katikati na unyofu, funga kumi kumi, na kata urefu mmoja. Mnunuzi wa mjini hulipa zaidi kwa fungu lisilo na mchanganyiko kuliko kwa rundo kubwa. Mianzi ya msitu wa hifadhi haikatwi bila kibali, na hata ya shamba lako inaweza kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani: pata barua ya kijiji na hati ya kusafirisha mazao ya misitu kutoka ofisi ya misitu ya wilaya kabla lori halijapakia, siyo lori likiwa limeshawasha injini.

Siku moja, pengine baada ya miongo mingi, kichaka kitatoa maua, na mara nyingi vya jirani vitatoa pamoja nacho. Usikitie mbolea kukiokoa, kwa kawaida kitakufa. Kata yote iliyokomaa upesi, kabla haijakauka kichakani, tandaza maturubai chini na uokote mbegu. Hupoteza uwezo wa kuota ndani ya miezi michache, kwa hiyo zisiwekwe ghalani kusubiri mradi: zipandwe kitaluni msimu huohuo.